Asiyekula Ngano Naye Akimbie, Lakini Ameshiba!

Ndugu zangu wa Likasi, vijana mnaopanda vilima vya Panda kabla jua halijatoka, nanyi mnaokanyaga baiskeli kuelekea Kambove, nisikilizeni!

Eliya nabii alikimbia nyikani mpaka akachoka, akajilaza chini ya mti akaomba afe. Malaika alipomjia hakumkemea kwa imani haba. Alimpa chakula na maji. Alipolala tena, akamwamsha, akamlisha mara ya pili, ndipo nabii akaenda siku arobaini mpaka Horebu. Wewe basi ni nani, hata ukimbie saa mbili kwa chai kavu na kuita hilo nidhamu?

Najua kati yenu yuko aliyekatazwa ngano na daktari. Mkate ukiingia tumboni mwake, mwili wake wenyewe hushambulia utumbo. Ndio ugonjwa wa siliaki. Anaharisha, anakonda, damu inapungua, na asiye na damu ya kutosha atapanda kilima gani? Kinachouamsha ni glutini, nayo imo katika ngano, shayiri na rai, basi mikate, mandazi, makaroni na bia ya shayiri viondoke mezani pake, hata kipande kidogo. Msimwambie anaringa. Msimwambie akiombee chakula kisha ale!

Lakini wewe mgonjwa, mbona unalia kama mtu aliyefungiwa ghala? Bukari, yaani ugali wetu, ni mahindi! Muhogo hauna glutini, wala mchele, viazi vitamu, ndizi, maharagi na karanga. Wakimbiaji wa Kenya, katika utafiti wa mwaka 2004, walipata zaidi ya robo tatu ya nguvu zao kutoka kwenye wanga na sukari, na ugali ulikuwa kati ya vyakula vyao vikuu. Piga hesabu: mwenye kilo 60 anayejizoeza sana huhitaji gramu 360 hadi 600 za wanga kwa siku, na gramu 400 za unga wa mahindi humpa kama 300. Kiwanda cha Shituru hakitoi shaba bila kupewa mawe, ndugu! Bukari na sombe ule jioni, ushibe. Asubuhi, uji wenye sukari. Mbio zikipita saa moja na nusu, tia kinywani gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbili mbivu zinatosha. Na wabarikiwe mama zetu wauza munkoyo! Mzizi wanaoutia ndani huvunja wanga wa mahindi ukawa sukari, kinywaji cha mwanamichezo kilichokuwapo kabla ya chupa za rangi za madukani. Uliza tu kimechanganywa na nini.

Jihadhari na kinu. Kinu kilichotoka kusaga ngano kitachafua mahindi yako, na mafuta yaliyokaanga mandazi yasikaange viazi vyako. Muhogo mchungu nao ulowekwe siku za kutosha, kwa maana sumu yake imepooza miguu ya watu katika nchi hii hii, ndiyo konzo. Na kwa Wakatoliki: mwaka 2017 Roma ilikumbusha kwamba hostia isiyo na glutini kabisa haifai kwa Misa, ila yenye glutini kidogo sana inakubaliwa, na asiyeweza hata hiyo anaweza kupokea divai peke yake. Mwone padri mapema, si kwenye foleni ya komunyo.

Na wewe mzima, unayeacha mkate kwa sababu Djokovic, yule mcheza tenisi, aliuacha? Mwaka 2015 waendesha baiskeli 13 wasio na siliaki walilishwa kwa zamu chakula bila glutini na chenye glutini, wasijue kipi ni kipi. Mwendo wao haukubadilika! Kula mkate wako kwa shukrani. Hata ukishuku una siliaki, usiache mkate kabla ya kupimwa damu, kwa maana kipimo hutafuta alama ambazo ngano yenyewe huziamsha.

Nanyi makocha, mnaoshika saa mkononi: kabla ya kuwapima vijana mwendo, waulizeni wamekula nini. Atakayejibu chai, asiondoke na wenzake mpaka amalize bakuli la uji.