Kesi Iliishaje?

Kuna methali tunayoipenda kuliko inavyostahili: lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Kijijini methali hii hufanya kazi ya polisi, ya karani na ya hakimu kwa wakati mmoja. Kijana akionekana nyuma ya gari la polisi asubuhi, kufikia saa nane mchana soko zima linajua kosa lake, na jua likizama hukumu imeshatoka. Hukumu hiyo haina rufaa. Miaka kumi baadaye ukiuliza habari zake utaambiwa, "Huyo? Si alishikwa na mambo ya ng'ombe?"

Hebu sikiza hilo neno: alishikwa. Hakuna anayesema alipatikana na hatia, wala kwamba kesi ilitupwa. Kumbukumbu ya kijiji huishia kwenye mlango wa seli.

Ndio maana nataka tuulize swali ambalo mjini tunalipuuza kwa sababu hatujuani: kama rekodi za mahakama ni za umma, mtu anayezitafuta anadaiwa nini na yule aliyeandikwa ndani yake?

Tuanze na sheria. Wengi wetu hudhani faili ya korti ni siri ya serikali. Sivyo. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinasema kesi ya jinai isikizwe hadharani, na kinaliweka hilo kama haki ya mshtakiwa. Soma tena: haki ya mshtakiwa. Mlango wa korti haukuachwa wazi ili mimi na wewe tupate umbea wa kupeleka kwenye grupu ya WhatsApp. Uliachwa wazi ili hakimu asimalizane na mtu gizani. Jeremy Bentham, mwanafalsafa Mwingereza aliyefariki 1832, alilishikilia sana wazo hili: hakimu akihukumu mbele ya watu, yeye mwenyewe anakuwa kwenye mizani.

Kisha kuna kifungu cha 35, kinachompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 ikaongeza kwamba ofisi ya umma ikiombwa habari ina siku 21 za kutoa uamuzi. Lakini kifungu hichohicho cha 35 kina mstari ambao watu huuruka: kila mtu ana haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zinazomwathiri zirekebishwe au zifutwe. Yaani walioandika Katiba waliziweka haki mbili kwenye chumba kimoja. Haki ya kujua, na haki ya kutojulikana vibaya.

Sasa toka Nairobi uende kaunti ya mashambani uone haki hizo zikitembea kwa miguu. Turkana peke yake ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikijumlishwa, na vituo vya mahakama huko unaweza kuvihesabu kwa vidole. Nauli ya kufika kortini inaweza kula mshahara wa siku kadhaa. Ukifika masijala, ile ofisi ya mafaili, swali la kwanza ni moja: namba ya kesi? Karani hana ubaya. Mafaili yamepangwa kwa namba na mwaka, si kwa uvumi. Ukisema tu "ni ya yule kijana wa bodaboda, kama 2016 hivi," umempa kazi ya kutafuta sindano kwenye nyasi. Na faili yenyewe huenda iko Mahakama Kuu kwa sababu ya rufaa, au imefungiwa kwenye chumba cha mafaili ya zamani.

Halafu kuna shida ya majina. Kuna sehemu za nchi hii ambako wanaume ishirini kwenye wadi moja wanaitwa jina moja, la ubatizo na la baba. Ukipata jina kwenye faili bila namba ya kitambulisho, bado hujampata mtu.

Tuseme umeipata. Bado unahitaji kujua kusoma mwisho wake, maana kesi haziishi kwa njia moja. Kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 215 kinamhusu mtu aliyesikizwa hadi mwisho, akapatikana na hatia au akaachiliwa huru. Cha 210 ni pale upande wa mashtaka umeleta mashahidi wake wote na hakimu akaona hakuna hata la kujibu. Cha 202 ni pale mlalamishi hakutokea kortini. Cha 87(a) ni kesi iliyoondolewa, ambayo kisheria inaweza kurudishwa. Mashtaka yanaweza kuwa yaleyale kwa watu wanne, na kila mmoja akatoka na hadithi tofauti kabisa. Kijijini wote wanne ni "walishikwa".

Utaniambia intaneti imetatua haya. Kiasi, ndiyo. Tangu 2024 mfumo wa kuwasilisha kesi kwa njia ya kielektroniki umesambazwa nchi nzima, na Kenya Law huchapisha maamuzi bila kulipisha mtu. Lakini fikiria kinachochapishwa zaidi: maamuzi ya Mahakama Kuu kwenda juu. Kesi nyingi za mashambani huanzia na kuishia kwa hakimu mdogo. Kwa hivyo mtu aliyekiri kosa, akalipa faini na kwenda nyumbani, huenda asionekane popote mtandaoni. Aliyefungwa kimakosa, akakata rufaa, akashinda, ndiye atakayetokea ukiandika jina lake, na neno "wizi" limekaa pembeni yake. Msomaji mwenye haraka huona jina na kosa, kisha anafunga simu. Neno "rufaa imekubaliwa" liko chini kabisa, aya ya mwisho.

Yaani kijiji na Google wana ugonjwa mmoja. Vyote viwili hukumbuka mwanzo.

Polisi nao wana ratiba inayofanana. Alama za vidole huchukuliwa mtu anaposhtakiwa. Hukumu huja baadaye, wakati mwingine baada ya miaka. Kwa hivyo kijana anapoenda kuomba cheti cha mwenendo mwema ili apate kazi ya kulinda geti, huenda na wasiwasi hata kama korti ilishamwachilia. Anajua mwanzo wake umehifadhiwa vizuri. Hana hakika kama mwisho wake ulifika.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo. Kwetu, faili yangu imeandikwa "alifukuzwa", na nimechoka kuirekebisha. Lakini mimi naishi nayo. Hata wali nikipakuliwa kwenye harusi sipunguziwi. Uvumi wa wizi ni kitu kingine. Unamnyima mtu kazi, mchumba, shamba la kukodi, hata wadhamini kwenye chama.

Kuna jibu rahisi ambalo marafiki zangu wa mjini hunipa: basi tufute yote, kila mtu aanze upya. Siliwezi hilo. Fikiria mwalimu aliyenajisi mtoto katika shule moja, mambo yakanyamazwa, akahamia kaunti nyingine ambako hakuna anayemjua. Ukimya ndio uliompa mwathiriwa wa pili. TSC huchapisha majina ya walimu waliofutwa kwenye sajili kwa sababu hiyo hasa, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inataka pawe na sajili ya waliohukumiwa. Mzazi anayeuliza kuhusu mtu atakayelala nyumba moja na mtoto wake si mmbea. Anafanya kazi yake.

Na tusijidanganye kuhusu ni nani anakosekana kwenye rekodi. Kuna sehemu ambako kesi ya msichana humalizwa na wazee chini ya mti, kwa mbuzi au ngamia kadhaa. Kaskazini huita maslaha. Mwenye mifugo anamalizana hapo na jina lake haligusi karatasi. Asiye na mifugo anaenda kortini. Kwa hivyo faili safi wakati mwingine ni ushahidi wa mali tu, na faili chafu ni ushahidi wa umaskini. Anayetafuta rekodi akasahau hili atawaogopa watu wasiofaa kuogopwa.

Msimamo wangu basi ni huu. Tuna haki ya kutafuta, lakini hatuna haki ya kusoma nusu. Anayefungua faili ya mtu anadaiwa kufika ukurasa wa mwisho, na akishindwa kufika, anadaiwa kunyamaza. Akifika, bado ana maswali mawili ya kujiuliza. Hili lilitokea lini? Na lina uhusiano gani na kile ninachotaka kumkabidhi? Mtu aliyetozwa faini ya chang'aa 2009 hajakuambia lolote kuhusu kama atachunga ng'ombe wako. Aliyehukumiwa kwa kumdhulumu mtoto amekuambia unachohitaji kujua kabla ya kumpa kazi ya shule.

Najua ni vigumu. Kusoma hadi mwisho kunataka nauli, muda na subira, na uvumi ni bure. Hiyo ndiyo sababu sidhani mzigo huu ni wa raia peke yake. Serikali ilipomkamata yule kijana ilifanya hivyo mchana, mbele ya soko, king'ora kikilia. Ilipomwachilia ilimpa karatasi moja yenye muhuri, akarudi nayo mfukoni kwa matatu ya jioni. Kama aibu ilitangazwa bure, kwa nini kuondolewa aibu kulipiwe na aliyeaibishwa?

Chifu ana baraza, na baraza lina kipaza sauti. Pale hutangazwa chanjo, mbolea na mikutano ya bursari. Mshtakiwa aliyeachiliwa huru akitaka, jina lake lisomwe hapo pamoja na neno moja tu la mwisho wa kesi yake. Haitachukua hata dakika mbili. Na sisi wengine, tukisikia tena mtu akisema "alishikwa", tujifunze kumkatiza na kuuliza: sawa, na kesi iliishaje?