Mgeni Asiyedaiwa

Siku ya kwanza kazini nilikula mara tatu na sikufanya kazi yoyote. Afisa utumishi alinipokea kwa chai ya maziwa na maandazi, akanijazisha fomu, kisha akanipeleka kwenye mashine ya mahudhurio iliyopo mlangoni. Mashine ikakikataa kidole gumba changu mara nne, ikaja kukikubali cha shahada. Nikapewa kitambulisho chenye picha ya mtu anayetafutwa na polisi, nywila ya muda, na kompyuta mpakato yenye stika ya timu nisiyoishabikia, kaiacha aliyenitangulia. Mchana wenzangu wakanichukua kwenda kula kuku. Saa kumi ikaja keki, kuna mtu alikuwa na siku ya kuzaliwa. Saa kumi na moja natoka getini, mlinzi akaniambia, "Pole na kazi, mkuu." Nikajibu, "Nishapoa," nikiwa sijui nimepoa nini.

Pole ile nililala nayo. Kiswahili kinampa mtu pole kwa kazi, kwa safari, na kwa msiba. Chakula kinapewa karibu. Simu mpaka leo haijapata salamu yake. Hakuna anayekwambia pole na simu, ingawa wapo wanaostahili. Mimi niliyekuja Dodoma kuanza kazi mpya, nikiwa na hamu ya safari, ya vyakula vigeni na ya kila kitu chenye chaja, nilikuwa napewa pole na karibu kwa mpigo, na zote mbili nilihisi nimezipata kwa mkopo.

Methali inayohusika kila mtu anaijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 katika kijitabu chake cha Ujamaa, akionyesha kwamba katika jamii zetu za asili hapakuwa na mtu wa kukaa tu akilishwa na jasho la wenzake. Tumeizoea kama methali ya kumwonya mgeni: umekula vya kutosha, inuka. Nadhani tumeisoma kutoka upande wa mwenye chakula tu. Jembe halipewi mpita njia. Ukimpa mtu jembe huna budi kumwonyesha shamba, na ukimwonyesha shamba huna budi kumwonyesha mpaka: hapa petu, pale pa jirani, na mti ule usiukate, una mwenyewe. Baada ya hapo akikosea, lawama inamfika. Kabla ya hapo hata hawezi kukosea. Mgeni akikata mti usiokatwa, wenyeji watatazamana na kusema hajui huyo. Jembe, basi, linamvua mgeni kinga nzuri sana, ile ya kutojua, na kumpa kitu ambacho hakuna anayekiomba hadharani: kudaiwa.

Hilo ndilo ninalotaka kulizungusha hapa. Mwenyeji, kwa hesabu yangu, hapimwi kwa anavyopajua mahali. Anapimwa kwa anavyodaiwa hapo.

Nilifika Jumamosi, siku mbili kabla ya kuripoti, kwa treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024. Mwendo ambao basi huutafuna kwa saa nane au tisa, treni inaumaliza kwa chini ya saa nne. Kioo kidogo mbele ya behewa kikaandika 160, abiria wa mbele yangu akakipiga picha, nami nikampiga picha yeye akikipiga. Tulipoingia kwenye mahandaki ya upande wa Kilosa mtandao ukakatika, na behewa zima likainua vichwa kwa pamoja, kama watu walioitwa jina. Tukaonana kwenye vioo vyeusi vya madirisha. Sekunde chache tu, mwanga ukarudi, vichwa vikainama. Kisha nchi ikakauka, mibuyu ikaanza kujitokeza mmoja mmoja, nikajua tumeingia Ugogo.

Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, kule Tabora, haikuweza kuvuka Ugogo hivi hivi. Nchi ilikuwa kame na maji yalikuwa mikononi mwa watemi wa Kigogo. Msafara ulisimama kwa kila mtemi, ukapiga kambi, ukabishana siku kadhaa juu ya idadi ya vitambaa na shanga, ndipo ukaruhusiwa kuteka maji na kusonga mbele. Malipo hayo yaliitwa hongo, neno ambalo siku hizi limeharibikiwa jina. Burton na Speke walipopita mwaka 1857 walilipa kama wengine, na Wazungu kadhaa waliowafuata walijaza kurasa za vitabu vyao kwa malalamiko juu ya hongo. Ukiyasoma kwa utulivu, unaona uchungu wao haukuwa wa shanga peke yake. Walitaka kupita mahali pasipo kuulizwa na mahali hapo. Mimi nimefanikiwa pale waliposhindwa. Niliivuka Ugogo nikiwa nimekaa, natafuna korosho, bila mtu hata mmoja kuniuliza natoka wapi. Nilishuka kituoni nikiwa nimefika Dodoma, na Dodoma haina habari.

Simu ndiyo iliyonikamilishia uhuru huo wa kutoulizwa. Kabla sijapanda treni nilishajua chumba changu kina dirisha upande gani, bajaji hadi mjini ni kiasi gani, Mtumba kwenye Mji wa Serikali ni mbali kiasi gani, na kwamba nyama choma ya sehemu fulani ina nyota nne na ya sehemu nyingine ina nyota tatu na matusi. Sitajifanya mzee wa kuilaani simu. Ninayo, naipenda, nina pia saa ya mkononi inayozungumza nayo, na vispika vya masikioni vinavyozima mlio wa bajaji mpaka unasikia unavyopumua. Lakini zamani kufika kulikuwa na kuuliza ndani yake. "Samahani kaka, Majengo ni njia ipi?" Aliyeulizwa angeweza kukuelekeza, kukupoteza, kukusindikiza, au kukuuliza wewe ni mtoto wa nani. Vyovyote iwavyo ulishaanza kuwa na deni naye, japo la asante.

Mwanafalsafa Immanuel Kant alifundisha jiografia pale Königsberg kwa takriban miaka 40, naye hakusafiri mbali na mji huo maisha yake yote. Husimuliwa kwamba aliwahi kulieleza daraja la Westminster la London kwa undani hata mgeni mmoja kutoka Uingereza akadhani aliishi kule. Sina shaka vipimo vyake vilikuwa sahihi. Ila London nzima hapakuwa na mtu aliyemdai hata senti. Wiki zangu za kwanza Dodoma nilikuwa Kant mwenye bando.

Kinyume chake ni msafiri Ibn Battuta, ninayemkumbuka kila mtu anapoanza kazi ugenini. Alitoka Tanja mwaka 1325 akiwa na miaka 21, na mwaka 1331 akateremka Mogadishu, kabla ya kuja Mombasa na Kilwa. Anaeleza kwamba meli ilipotia nanga, vijana wa mji walikuja kwa mitumbwi, kila mmoja na chakula kilichofunikwa, akimkabidhi mfanyabiashara mmojawapo na kumtangaza kuwa mgeni wake. Kuanzia hapo mfanyabiashara yule hakununua wala kuuza ila kupitia kwa mwenyeji wake. Yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa msomi, alipelekwa kwa mkuu wa mji, akalishwa siku tatu: wali wa samli na vitoweo, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa mgando yenye ndimu za achari na pilipili, tangawizi, maembe. Siku ya nne akaletewa nguo za kuvaa, pamoja na kitambaa cha hariri cha kufunga kiunoni badala ya suruali, akatolewa kwenda msikitini na kuonana na mtawala. Hakupewa jembe, lakini alivishwa kama watu wa pale, na aliyevishwa hivyo hawezi tena kusimama pembeni akitazama.

Kazi yake kubwa aliipata Delhi, ukadhi, kwa Sultani Muhammad bin Tughluq. Huko mgeni hakuingia mikono mitupu. Alitakiwa kuja na zawadi, na wafanyabiashara waliwakopesha wageni mali za kuzinunulia wakitegemea kwamba sultani atarudisha mara nyingi zaidi. Ibn Battuta alikopa, akatumia, akakopa tena, mpaka deni likafika dinari 55,000 na wadai wakawa wanamsubiri barabarani. Ikambidi amwombe bwana wake amlipie. Wanaomsoma humcheka hapo, na kweli alikuwa na mkono mwepesi. Ila ona: mtu huyu alipita nchi zisizohesabika, na kule alikokaa miaka mingi kuliko karibu kote ndiko alikodaiwa.

Sheria yetu nayo inalijua jambo hili, kwa lugha yake kavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi mtumishi mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri wake kinga ile ya kuachishwa kazi isivyo haki. Yaani jembe unalo, mshahara unakatwa michango, kidole kimesajiliwa, na bado wewe ni mgeni kwa miezi 6. Methali ilikuwa na huruma zaidi; ilitaka siku mbili tu.

Najua kuna pingamizi. Mtu aliyekimbizwa mji kwa madeni atanishangaa ninavyolipamba deni. Tunaijua mikopo ya kausha damu, na ile ya programu za simu, unayoipata kwa dakika tatu na kuilipia kwa kutukanwa mbele ya kila namba iliyomo kwenye simu yako. Deni la namna hiyo halimfanyi mtu kuwa mwenyeji popote. Linamfanya azime simu na kuhama. Tofauti yake na hili ninalolisema sikuipata kwa kufikiri. Niliipata kwa mama lishe.

Ingekuwa siku ya tatu methali ingependeza. Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya tatu. Kibanda kiko nyuma ya ofisi, mabati na turubai, benchi mbili, na mama mmoja mwenye kanga kiunoni anayewasalimia wote kwa "mbukwa" ya Kigogo, hata wasiojua kuitikia. Siku zote nilikula, nikaandika namba ya malipo, kiasi, namba ya siri; ujumbe ukaingia kwenye simu yake, tukawa tumeachana. Hakuna kusubiri chenji, na kusubiri chenji ndiko kulikoanzisha nusu ya mazungumzo ya nchi hii. Siku hiyo kulikuwa na ugali wa uwele, wenye rangi ya kijivu, na mlenda wa kukausha uliopikwa kwa karanga. Mlenda huo ukiuvuta na tonge unakuja nao uzi mrefu. Asiyeuzoea huuchezesha hewani akitafuta pa kuukata. Mimi pa kuukata ninapakosa hadi leo. Nikiwa bado sijanawa nikagundua mtandao haupo. Nikasimama nimeinua simu kama mtu anayeomba mvua.

"Kaa ule, mwanangu, ugali unapoa."

"Mama, hela haitoki."

"Nimekuuliza hela?"

Nilipomaliza, alichomoa daftari la shule lililoning'inia kwenye msumari, kalamu imefungwa kwa uzi. Hakuniuliza jina. Aliandika: Kijana wa miwani, 3,000. Juu yangu walikuwapo Fundi AC, Dada wa mapokezi, Mzee wa Ihumwa, Mlinzi mrefu, na mmoja aliyeandikwa Huyu tu. Nilisoma ukurasa ule kama mtu anayesoma orodha ya wakazi wa mtaa. Programu ya mkopo ingetaka namba yangu ya kitambulisho cha taifa, picha ya uso na majina ya ndugu zangu. Daftari lilitaka miwani. Na halikuandika tarehe ya kulipa.

Jioni nikitembea kurudi chumbani niliona kwamba kesho ilikuwa imeshapangwa, na si na mimi. Wiki hiyohiyo mkuu wa kitengo alishika taarifa mkutanini akauliza jedwali hili limeandikwa na nani, mbona jumla haikubali, na chumba kizima kikanitazama. Nilikuwa nimekosea kujumlisha safu mbili. Nilikaa hadi usiku kurekebisha, na lazima niseme nilikuwa na furaha ambayo kuku na keki havikunipa.

Kesho yake, Ijumaa, mtandao ulikuwa umerudi. Nikaenda na noti, nikalipa 3,000 yangu, mama akalipiga jina langu mstari mmoja. Nikaagiza, nikala, nikanawa. Kisha nikasema, "Mama, ya leo niandikie."

Akaitazama simu iliyokuwa mkononi mwangu.

"Mtandao si umerudi?"

"Umerudi."

"Sasa deni la nini, mwanangu, na hela unayo?"

Nikaandika namba, kiasi, namba ya siri.