Dhamiri ya Nani? Mdhamini na Fedha za Wengine

Amana, kwa maana ya kisheria, ni mali iliyokabidhiwa kwa mtu aitwaye mdhamini ili aitunze na kuizalisha kwa ajili ya wengine, yaani wanufaika, na sheria humtaka mtu huyo asiyachanganye matakwa yake na haki yao. Ndipo huzuka swali gumu: je, mdhamini aweza kuacha kununua hisa za kampuni ya tumbaku au silaha kwa kuwa dhamiri yake inamkataza, ilhali hisa hizo zingewaongezea wanufaika kipato?

Jibu linalorejelewa mno lilitolewa Uingereza mwaka 1984, katika shauri la Cowan dhidi ya Scargill. Mfuko wa pensheni wa wachimbaji wa makaa ya mawe ulikuwa na wadhamini 10, nusu yao wakiteuliwa na chama cha wafanyakazi, na hao wa chama, akiwemo rais wao Arthur Scargill, walikataa kuidhinisha mpango wa uwekezaji mpaka mfuko ujitoe katika vitega uchumi vya nchi za nje na katika nishati zinazoshindana na makaa. Jaji Robert Megarry aliwapinga, akisema kwamba maslahi ya wanufaika kwa kawaida ni maslahi ya kifedha. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki, kwa kuwa wengi wa wanufaika walikuwa wastaafu na wajane ambao ustawi wa migodi usingewaongezea chochote, na ukarimu unaolipiwa kwa pensheni ya mjane hauwezi kuitwa ukarimu.

Lakini Megarry huyohuyo alikiri kwamba, endapo wanufaika wote ni watu wazima wanaolaani pombe au silaha, huenda isiwe kwa manufaa yao kupata faida kubwa zaidi itokayo huko. Hilo si jambo geni kwa anayejua wakfu wa Kiislamu, ambao msimamizi wake hawezi kuupangisha kwa muuza pombe hata akiahidiwa kodi maradufu. Kukiri huko ni kuzito kuliko kunavyoonekana, kwa sababu kunadhihirisha kwamba fedha peke yake haikuwa kamwe maana ya maslahi, bali ni dhana tu wanayowekewa watu ambao hawajaulizwa. Mwaka 2014 Tume ya Sheria ya England na Wales ilieleza kwamba sheria inawaruhusu wadhamini wa pensheni wazingatie mambo yasiyo ya kifedha iwapo kuna sababu nzuri ya kuamini kwamba wanachama wanayajali, na iwapo mfuko hautapata hasara kubwa. Sharti la kwanza kwa kawaida haliwezi kutimizwa na mdhamini anayekaa kimya. Linamdai aulize, na kutouliza ni kuamua kwa niaba ya wengine kwamba hawajali lolote ila fedha.

Wapo pia wasioweza kuulizwa, kama vile kijana atakayeajiriwa kesho na kuanza kupokea pensheni miaka 40 baadaye. Kwake ukame na mafuriko vitokanavyo na mabadiliko ya tabianchi huenda vikawa vimeshakula thamani ya mali za mfuko wenyewe, na mdhamini anayevipuuza leo atakuwa ameshindwa kwa kipimo kilekile cha fedha alichokiweka Megarry.