Mbegu Iliyochoka: Uzee na Mzigo katika Mimea ya Vipando

Wakulima wa muhogo huita mbegu ile pingili ya shina inayokatwa na kufukiwa ardhini, ingawa kwa wataalamu wa mimea hiyo si mbegu, kwa kuwa haikutokana na ua wala chavua, bali ni kipande cha mmea uleule uliosimama shambani msimu uliopita. Mavuno yanapopungua mwaka hadi mwaka, husemwa kwamba mbegu imechoka, na kauli hiyo ina swali zito ndani yake: je, uhai unaoendelezwa kwa kukatwa na kupandwa tena, bila kuzaliwa upya, huzeeka, au kinachodhaniwa kuwa uzee ni jambo jingine?

Jibu hutegemea swali la awali zaidi, nalo ni kama kipando ni mtoto wa mmea uliokatwa au ni mmea wenyewe. Aristotle, alipoandika juu ya urefu na ufupi wa maisha, alieleza kwamba miti huishi muda mrefu kwa sababu hujifanya upya daima, matawi mengine yakinyauka na mengine yakichipuka, na kwamba kipando kwa namna fulani ni sehemu ya mmea kilikotoka. Mwaka 1795 Thomas Andrew Knight, mtaalamu wa bustani wa Uingereza, aliifikisha rai ya namna hiyo mwisho wake wa kimantiki: ikiwa kikonyo cha mtofaa kilichobebeshwa juu ya shina changa bado ni sehemu ya mti wa kwanza, basi kina umri wa mti huo, na aina nzima ya tofaa lazima ikongoke pale maisha ya mti huo wa asili yanapokwisha.

Hoja hiyo imejengwa vizuri, lakini inachukulia kwamba uzee umo ndani ya uhai wenyewe, kama mafuta yanayopungua katika taa, na hilo ndilo linalopaswa kuthibitishwa. Katika kisiwa cha Tasmania upo mti uitwao Lomatia tasmanica, usiozaa matunda, ambao mashina yake yote yaliyobaki ni kiumbe kimoja kilichojieneza chenyewe, na visukuku vya majani yanayofanana na yake vimekadiriwa kuwa na miaka 43,600. Migomba ya ndizi za kupika katika nyanda za juu za Afrika Mashariki nayo imepandwa kwa machipukizi kwa karne nyingi, na bado inalisha watu. Kama uhai wa mmea ungekuwa na kipimo kilichokatwa tangu mwanzo, mifano hii isingekuwapo.

Kinachochosha mbegu huonekana vizuri zaidi katika muhogo wenyewe. Mwaka 1894 Mjerumani Otto Warburg alieleza ugonjwa wa muhogo alioukuta Usambara, ambao leo hujulikana kama batobato: jani hupata mabaka ya manjano, vidole vyake hujikunja na kusinyaa, na mmea hudumaa. Ugonjwa huo huletwa na virusi wanaosambazwa na inzi weupe, lakini husafiri pia ndani ya pingili, kwa hiyo kila anayekata shina lenye ugonjwa huupanda upya kwa mkono wake. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia una hila zaidi, kwa sababu majani yanaweza kuonekana mazima, na mkulima asigundue kitu mpaka ang'oe muhogo, aukate, na kukuta ndani yake mabaka makavu ya kahawia yasiyolika, wakati pingili za shamba hilo zimekwisha kugawiwa majirani.

Jaribio lililotenganisha uzee na ugonjwa lilifanyika Ufaransa. Mwaka 1952 Georges Morel na Claude Martin walionyesha kwamba ncha ya chipukizi ya mmea wa dalia wenye virusi, yaani tishu ndogo isiyofika milimita moja ambako seli hugawanyika bila kukoma, inaweza kukuzwa ndani ya chupa na kutoa mmea usio na virusi. Njia hiyo ilipotumiwa baadaye kwa viazi na mazao mengine, aina zilizodhaniwa kuwa zimezeeka zilirudiwa na nguvu zake. Umri wa mmea haukupunguzwa hata siku moja. Kilichoondolewa ni mzigo. Aliyezeeka harudishwi ujana kwa kupumzishwa, lakini aliyelemewa hupata nguvu mara anapotua.

Hata hivyo Knight hakukosea kabisa. Kikonyo cha mbuni kilichokatwa kwenye tawi la ubavuni huendelea kukua kwa kulala, na ni chipukizi la wima tu linalotoa mti uliosimama. Kipando, basi, hubeba kumbukumbu ya mahali kilipokatwa. Tena, mwaka 1964 mtaalamu wa jenetiki Hermann Muller alieleza kwamba ukoo usiochanganya jeni zake kwa uzazi wa dume na jike hukusanya makosa ya kurithi bila njia ya kuyapunguza, kama gurudumu la meno linalozunguka upande mmoja tu.

Hapa ndipo maana ya kuzaliwa inapodhihirika. Virusi wengi wa mimea hawapiti katika mbegu ya kweli, na kuchanganyika kwa wazazi wawili huleta kisichokuwamo kwa yeyote kati yao. Huko Amani, katika Usambara ileile, watafiti walianza katika miaka ya 1930 kuzalisha muhogo pamoja na jamaa yake, mti wa mpira uitwao Manihot glaziovii, na ukinzani dhidi ya batobato uliopatikana humo ulifika baadaye hadi Nigeria. Pingili inaweza kusafishwa, lakini haiwezi kujipa silaha ambayo haikuwa nayo.

Basi mbegu haichoki kwa kuishi muda mrefu. Hulemewa kwa kuendelea kuwa ileile, maana anayebaki yuleyule huhifadhi nguvu zake pamoja na madeni yake yote. Kwa sababu hiyo pingili inayotolewa kwa jirani ni amana: anayeitoa hugawa uhai mmoja usiokatika, na wajibu wake ni kuutazama mmea na kuupasua muhogo wake kabla hajaliinua panga kukata shina.