Kuazima na Kukopa

Wengi wetu hapa Dilolo husema "kuazima" kwa shoka, kwa unga na kwa faranga, kana kwamba ni jambo moja. Lakini Kiswahili kina maneno mawili, na tofauti yake yagusa dhamiri zetu. Anayeazima shoka hurudisha shoka lile lile, hata kama makali yamepungua kidogo. Anayekopa unga hawezi kurudisha unga ule: umekwisha kuwa bukari na kuliwa. Hurudisha unga mwingine, kwa kipimo kile kile. (Kamusi za zamani za pwani zaongeza kwamba kukopa ni pia kudanganya. Bila shaka wenye maduka walikuwa na sababu zao.)

Je, faranga ni kama shoka au kama unga? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba ni kama unga: kuzitumia ndiko kuzimaliza. Basi anayedai zirudi, na juu yake malipo ya kuzitumia, auza kitu kimoja mara mbili.

Katika miji ya Kongo kuna mkopo ambao watu wameubandika jina la benki ya zamani ya Ubelgiji, "Banque Lambert". Benki yenyewe haimo katika shauri hili. Mtu hupewa dola 100, na mwisho wa mwezi adaiwa 150. Asipoweza, hulipa zile 50 tu, na 100 zabaki palepale. Mkopeshaji asema: "Ninamsaidia, hakuna mwingine anayempa." Kweli, hakuna. Lakini mama aliyekopa kwa ajili ya dawa ya mtoto hakukubali zile 50 kwa hiari. Ugonjwa ulikubali kwa niaba yake.

Papa Benedikto XIV, katika barua yake ya mwaka 1745, hakukataa kwamba mkopeshaji aweza kuwa na sababu ya haki ya kudai zaidi, nje ya mkopo wenyewe, kama vile hasara ya kweli. Shida ya mwenzake si hasara yake. Bwana wetu, katika Luka 6, adai hata zaidi, lakini hapa tubaki katika haki tupu.

Mama huyo hana dhambi. Tomaso alisema wazi kwamba mwenye shida aweza kukopa kwa mla riba bila kosa. Mzigo ni wa mkopeshaji, na kuungama peke yake hakuutui: pato la riba lapaswa kurudishwa kwa mwenyewe. Aliyepokea 50 mara mbili amekwisha kupata 100 zake. Akibisha hodi mwezi wa tatu, mama hana deni kwake.