Mbwa wa Pua Fupi na Swali la Amana

Wajibu wa mtu kwa mnyama anayemfuga ni jambo ambalo dini zinazofuatwa Eldoret hazijatofautiana sana juu yake. Kitabu cha Mithali, mlango wa 12 aya ya 10, kinaweka kujali uhai wa mnyama miongoni mwa sifa za mwenye haki. Nazo Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinasimulia juu ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumtekea mbwa mwenye kiu maji ya kisima kwa kiatu chake. Hili linasimuliwa na kuaminiwa ingawa madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi miongoni mwa Waislamu wa Afrika Mashariki, yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito, yaani uchafu wa kisheria usiotoka ila kwa kuosha mara saba, moja ya hizo kwa udongo. Unajisi wa mbwa, kwa hiyo, haukupata kuwa hoja ya kumnyima huruma. Ugumu unaanza pale mnyama anayehurumiwa anapokuwa amezalishwa kwa makusudi katika hali itakayomfanya aihitaji huruma hiyo maisha yake yote.

Buldogi wa Kifaransa ni mfano ulio wazi. Mababu zake walikuwa buldogi wadogo wa Kiingereza waliovushwa bahari katika karne ya 19 na wafumaji wa lesi wa Nottingham waliohamia kaskazini mwa Ufaransa. Huko, na baadaye Paris, walizalishwa kwa kuchaguliwa uso bapa na masikio yaliyosimama, na mwaka 2022 uzao huu ulishika nafasi ya kwanza kwa usajili nchini Marekani, ukimwondoa Labrador aliyeishikilia kwa miaka 31. Uso huo una gharama, na anayeilipa ni mbwa. Mifupa ya fuvu imefupishwa kizazi baada ya kizazi, lakini nyama laini za ndani hazikufupika kwa kiasi hichohicho, hata kaakaa laini, yaani sehemu ya nyuma ya paa la kinywa, hufikia kuziba mlango wa zoloto, kiungo cha kooni kinachopitisha hewa na kutoa sauti. Matundu ya pua huwa membamba kama ufa. Majike wengi hawazai bila upasuaji kwa kuwa kichwa cha mtoto ni kipana na nyonga ya mama ni nyembamba, na pingili za uti wa mgongo mara nyingi huwa na umbo la kabari linaloweza kubana neva.

Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, inaliongezea suala hili ugumu wake. Baridi ya kaunti yake, Uasin Gishu, ni neema kwa mbwa huyu, kwa sababu mbwa hapozi mwili kwa jasho kama binadamu bali kwa kuhema, na anayehema kwa shida hupoa kwa shida. Matembezi ya adhuhuri Mombasa yanaweza kumuua. Lakini jiji liko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa, yaani nguvu ambayo hewa hukandamiza kwayo, imepungua, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko pumzi ileile ikivutwa pwani. Wanariadha husafiri kutoka mbali kuutafuta upungufu huo kwa hiari yao. Mbwa aliyefupishwa pua hakuulizwa.

Mfugaji makini hujifunza kusoma ishara ndogo: ulimi unaogeuka kutoka rangi ya waridi kuwa zambarau, au mbwa anayelala ameketi, au ameegemeza kidevu kwenye ukingo wa kitanda ili koo libaki wazi. Humvalisha mkanda wa kifuani badala ya kola inayobana shingo, humpimia chakula kwa sababu unene huzidi kubana njia ya hewa, na katika miezi ya mvua humfuta mikunjo ya uso na kuikausha kila siku, kwani unyevu unaobaki humo huchubua ngozi na kuzalisha vijidudu. Mkoromo wake akiwa macho, ambao wageni huuchekea, ni sauti ya njia iliyozibwa.

Anayefanya haya yote ametekeleza amana, yaani dhima ya kulinda kile ambacho mtu amekabidhiwa na atakachoulizwa. Linalobaki ni iwapo utunzaji huo unahalalisha kumwagiza mbwa huyo tangu mwanzo. Watetezi wana hoja isiyo dhaifu: mbwa huyu mahususi asingeweza kuzaliwa akiwa na pua ndefu, kwa kuwa mwenye pua ndefu angekuwa mbwa mwingine; na kama maisha yake, pamoja na taabu zake, bado yana furaha, basi hakuna aliyedhulumiwa kwa kuzalishwa kwake. Fumbo hili lilichambuliwa na mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit katika kitabu chake cha mwaka 1984, ingawa yeye alizungumzia watu wa vizazi vijavyo, na bado halijapata jibu ambalo wanafalsafa wote wanalikubali. Udhaifu wa hoja ya watetezi, hata hivyo, ni kudhani kwamba kosa sharti liwe na mlalamikaji. Dhana ya amana haina sharti hilo, kwa sababu mwenye kuulizwa hujibu mbele ya Mwenye mali, si mbele ya mali. Mtoto wa mbwa hana lawama, maana kitanda hakizai haramu, lakini kutokuwa na lawama kwa mzaliwa hakumtakasi aliyepanga uzazi.

Wanazuoni wa Kiislamu waliwahi kukabili jambo linalokaribiana na hili katika mjadala wa nyumbu. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume alilichukia pendekezo la kupandisha punda kwa farasi, ilhali yeye mwenyewe alipanda nyumbu, na Kurani, katika Surat An-Nahl aya ya 8, inawataja nyumbu miongoni mwa neema. Wengi walihitimisha kwamba kumtumia nyumbu ni halali, na wakatofautiana juu ya kumzalisha. Kwa mtazamo wa makala haya, thamani ya mjadala huo iko katika kutenganisha mambo mawili, kumpokea kiumbe aliyekwisha kuwapo na kuagiza apatikane mwingine, ambayo wanunuzi wa mbwa huyachanganya kwa urahisi. Sheria nazo zimeanza kuyatenganisha: Uholanzi ina kanuni dhidi ya uzalishaji unaodhuru wanyama tangu 2014, na mwaka 2019 iliweka vigezo vya kupimia, ukiwamo urefu wa pua ukilinganishwa na fuvu. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamtazama zaidi mnyama aliyekwisha kuzaliwa.

Kwa jike aliyeko tayari Eldoret, hoja hizi zote hukutana katika uamuzi wa kumtoa kizazi. Upasuaji huo unamwepusha na kupasuliwa kwa ajili ya kuzaa pamoja na usaha wa mfuko wa uzazi, na unahakikisha kwamba pua yake hairithiwi. Lakini unahitaji dawa ya usingizi, na kwa mbwa wa aina hii hatari kubwa iko katika dakika za kuamka, bomba la hewa likishatolewa kooni kabla misuli haijapata nguvu ya kuiweka njia wazi. Daktari wa mifugo anayelijua hilo huchelewesha kulitoa bomba, humlaza mbwa kifudifudi kichwa kikiwa kimeinuliwa, na huweka oksijeni karibu. Sehemu ya hatari hiyo mbwa anaibeba kwa faida yake mwenyewe, na sehemu nyingine kwa ajili ya watoto ambao hawatazaliwa kamwe.