Je, Aliyeshiba Ndiye Atawale?

Kila mara uchaguzi unapokaribia, neno moja huzunguka katika mitaa ya Lubumbashi, toka Katuba mpaka Ruashi. Tunalisikia sokoni, tunalisikia ndani ya basi, hata mlangoni pa kanisa watu wanapotoka Misa: "Tumchague tajiri. Yeye ameshiba tayari, hataiba. Maskini tukimpa kiti, atakula kwanza yeye, nasi tutangoja." Neno hilo linaonekana kuwa la akili. Lakini mkristu hapokei neno kwa sababu tu wengi wanalisema. Imempasa kulipima. Basi leo tulipime pamoja.

Wala tusilipime hewani. Sisi watu wa Katanga tunao mfano ambao kila mtoto anaujua, ndio Moïse Katumbi Chapwe. Alizaliwa mwaka 1964 kule Kashobwe, upande wa Luapula. Baba yake Myahudi aliyetoka kisiwa cha Rhodes, mama yake Mkongo. Biashara yake ya kwanza ilikuwa ya samaki. Baadaye akaingia katika kazi za migodi, na mwaka 1997 akaanzisha kampuni ya MCK, iliyochimba na kusafirisha kwa ajili ya makampuni ya shaba. Mwaka ule ule akashika uongozi wa timu ya TP Mazembe. Wazee wetu wanakumbuka timu hiyo ilizaliwa wapi: mapadri Wabenedikto waliianzisha mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa shule yao hapa Elisabethville, wakaiita Saint-Georges. Katika siku za Katumbi timu ilichukua kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015.

Mwaka 2006 alichaguliwa kuwa mbunge, na mwanzo wa mwaka 2007 wabunge wa jimbo wakamchagua kuwa Guverneri wa Katanga. Alikaa katika kiti hicho mpaka mwaka 2015, alipojiuzulu na kuacha chama cha Rais Kabila. Mwaka 2016 alitangaza kwamba anautaka urais. Serikali ikamshitaki kuwa anakusanya askari wa kukodiwa, yeye akakana. Akatoka nchini, na nyuma yake mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka 3 kwa shauri la nyumba. Hukumu hiyo ilifutwa mwaka 2019, naye akarudi Lubumbashi mwezi wa tano mwaka ule. Katika uchaguzi wa mwaka 2023 alikuwa wa pili, nyuma ya Félix Tshisekedi, akipata kura karibu 18 kwa mia.

Hatuandiki haya ili kumsifu mtu, wala kumhukumu. Moyo wa mtu unahukumiwa na Mungu peke yake. Twataka tu kujua kama lile neno la mitaani ni la kweli.

Kwanza tuulize: je, shibe inazuia wizi? Kama tamaa ingekaa tumboni, ndiyo, chakula kingeiponya. Lakini tamaa hukaa moyoni, na moyo hauna kipimo. Fungueni Kitabu cha Wafalme, msome habari za Ahabu. Alikuwa na nyumba na mashamba, hakukosa kitu. Hata hivyo alilala kitandani akageuza uso ukutani, akakataa kula, kwa sababu ya bustani moja ya jirani yake Naboti. Na kwa ajili ya bustani hiyo Naboti aliuawa. Mwenye njaa asingaliitamani kwa nguvu zaidi.

Lakini tusigeuke upande wa pili na kusema kwamba kila tajiri ni Ahabu. Zakayo naye alikuwa tajiri, na siku ile Yezu alipoingia nyumbani mwake, akarudisha mara nne. Wala kukosa mali si ugonjwa unaomfanya mtu aibe. Julius Nyerere wa Tanzania alikuwa mwalimu, si mfanyi biashara. Alitawala, akaacha urais mwaka 1985, akarudi kijijini Butiama bila kujikusanyia mali, na tangu mwaka 2005 Eklezya imeanza kuuchunguza utakatifu wake. Basi neno la mitaani limeanguka: mali haimlindi mtu, wala haimlaani.

Wala mali haiilindi nchi. Kabla ya Moïse huyu tulikuwa na Moïse mwingine, Tshombe, aliyezaliwa mwaka 1919, mtoto wa mfanyi biashara tajiri. Alirithi biashara ya baba yake, ikaanguka mikononi mwake, akaingia siasa. Tarehe 11 mwezi wa saba mwaka 1960 akatangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Union Minière ikalipa kodi yake kwa serikali yake badala ya kuilipa Léopoldville. Feza basi haikukosa. Kilichokosekana ni amani, na mpaka mambo yale yalipokwisha, mwanzoni mwa mwaka 1963, damu nyingi ilikuwa imemwagika.

Sasa tufike kwenye hatari iliyojificha zaidi, maana hiyo haiko moyoni mwa tajiri tu, iko mioyoni mwetu pia. Mwenye duka akimpa jirani kilo moja ya unga, ametoa chake, naye jirani hana budi kusema asante. Lakini Guverneri akitengeneza barabara kwa kodi ya watu, ametoa nini? Hakutoa kitu, amelipa deni. Barabara ile ilikuwa yetu kabla haijawekwa jiwe la kwanza. Tukimpigia magoti kwa ajili yake, tunafanana na mtu anayelia kwa shukrani kwa sababu posta imempa barua iliyoandikwa jina lake.

Tajiri anapotawala, mifuko hiyo miwili inakaa katika kanzu moja: mfuko wake mwenyewe na mfuko wa jimbo. Hata akiwa mwaminifu kabisa, watu wanaotazama hawawezi tena kujua mkono umetoka wapi. Fikirini miaka ile 2007 hadi 2015. Mtu mmoja alikuwa mkubwa wa jimbo na mkubwa wa timu. Kijana aliyerudi toka uwanja wa Kamalondo na sauti imemkauka kwa furaha ya ushindi, je, kesho yake aliweza kumpima Guverneri bila kuona kombe mbele ya macho? Tena mtu aliyepata mali yake kwa kazi za migodi ndiye aliyetawala jimbo la migodi. Alipokataza madini yasiyosafishwa yasivuke mpaka, akitaka kazi ya kuyasafisha ibaki hapa kwetu, huenda alifanya haki kubwa. Lakini tendo la namna hiyo linapaswa kupimwa kama tendo la mtawala, siyo kama ukarimu wa mheshimiwa wetu. Hatusemi kwamba yeye alikosa. Twasema jicho letu liliingia ukungu.

Na mambo ya mwaka 2016 yanatufundisha jambo lingine. Katumbi alikuwa na mali, alikuwa na jina, alikuwa na marafiki katika nchi nyingi. Hata hivyo, siku wenye nguvu walipomgeukia, alihitaji kitu kile kile anachohitaji mchuuzi wa makaa wa Kasapa anapokamatwa na askari: hakimu asiyeogopa mtu. Mali iliweza kumpa njia ya kutoka nchini, haikuweza kumpa haki. Basi tajiri na maskini wana haja moja, nayo ni sheria isiyotazama uso. Anayejenga sheria hiyo amewasaidia watu wote, na mwenyewe pia. Anayegawa zawadi mahali pa sheria amewasaidia watu kwa siku moja.

Ndugu, hapa tusitupe jiwe mbali. Wakati wa uchaguzi, ni nani anayepanga mstari mbele ya gari la mgombea kupokea pagne, kofia, chupa ya bia na noti iliyokunjwa? Ni sisi, wabatizwa wa parokia zetu. Tunajitetea tukisema: "Ni feza zetu, zimerudi tu." Lakini Esau naye alikuwa na njaa ya kweli siku ile alipouza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa sahani ya dengu. Njaa yake haikubadilisha bei. Alikula, akainuka, akaenda zake, na haki haikurudi tena.

Tunajua ni vigumu. Mama mwenye watoto watano, asiye na unga nyumbani, hatutamfokea kwa sababu ya pagne moja. Lakini tumwambie kweli: mtu akikupa pagne leo, kesho ukimdai dawa za hospitali atakuuliza, "Je, sikukupa?" Nawe utanyamaza.

Ndiyo maana tunapenda kuwakumbusha Samueli. Alipozeeka, alisimama mbele ya Israeli yote na kuwauliza ni nani aliyenyang'anywa ng'ombe au punda naye, ni nani aliyeonewa naye. Watu wakamjibu kwamba hakuna. Kila mara tunapoisikia habari hiyo tunamsifu Samueli, na ni haki. Lakini tuwatazame na wale watu. Waliweza kumjibu mtawala wao uso kwa uso, na jibu lao likawa na uzito, kwa sababu hawakuwa wamenunuliwa. Kama wangekuwa wamekula mezani pake miaka yote, ushuhuda wao ungefaa nini?

Basi tajiri akija kuomba kura, tusimkatae kwa sababu ya mali yake, wala tusimpokee kwa sababu hiyo. Tumwulize atakavyotenga mfuko wake na wetu, na nani atakayehesabu. Maskini akija, tumwulize vilevile. Na siku ya kuuliza, mikono yetu iwe mitupu.